RELI ILIYONG'OLEWA KUSINI: KWA NINI TRENI HAIJAFIKA ZIWA NYASA MPAKA LEO?

Wadau, hebu tuanze na swali la kijiweni. Mtu wa Ngonga akitaka kupanda treni, aende wapi? Jibu ni Mbeya. Apande Coaster, apandishe milima ya Tukuyu, apite Uyole, halafu ndiyo aikute stesheni ya TAZARA. Mchele wa Kyela, kakao, mawese, ndizi, vyote vinapanda mlima kwa malori. Ziwa tunalo, meli tunazo, lakini mahali ambapo reli inakutana na maji upande wetu hapapo. Hapajawahi kuwapo.

Sasa vijana wengi wakisikia serikali inazungumzia reli ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay wanadhani ni jambo jipya. Wengine wanasema ni ndoto za mchana. Kumbe watu wengi hawajui kwamba kipande cha reli hiyo kiliwahi kujengwa, treni zikapita, watu wakapanda, halafu kikang'olewa chote! Siyo kwamba kilioza. Kilifungwa kwa uamuzi wa watu waliokaa mezani na kalamu. Leo tunaieleza habari hiyo tangu mwanzo, kwa sababu inatuhusu sana sisi wa huku kwenye ziwa.

WAJERUMANI WALIPIMA KWANZA

Wazo la treni kufika Ziwa Nyasa lina zaidi ya miaka 100. Wakati wa Wajerumani ziwa hili lilikuwa kichwa cha njia. Boma lilikuwa Tukuyu (wao waliiita Neu-Langenburg), na huku chini Mwaya ilikuwa bandari. Walikuwa na meli yao ziwani, Hermann von Wissmann, ambayo ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Sasa jiulize, meli ya chuma ilifikaje Ziwa Nyasa wakati hakuna reli wala barabara? Ililetwa vipande vipande kupitia mto Zambezi na mto Shire, mingine ikabebwa na watu kichwani na mabegani pale penye maporomoko, halafu ikaja kuunganishwa. Yaani ili mzigo ufike kwenye ziwa letu ilibidi uzunguke Msumbiji na Malawi ya leo.

Ndiyo maana Wajerumani walianza kupiga hesabu za reli ya kusini. Karibu na mwaka 1905 mtaalamu wao mmoja, Paul Fuchs, alizunguka nchi ya kusini akichunguza kama reli ya kutoka Kilwa mpaka ziwani italipa. Mwisho wake ulikuwa uwe Wiedhafen, ambayo sisi leo tunaiita Manda, huko Ludewa. Angalieni mwaka huo. Julai 1905 vita ya Maji Maji ililipuka kwenye milima ya Matumbi, hukohuko nyuma ya Kilwa, ikasambaa kusini nzima. Vita na njaa iliyofuata viliangamiza watu wengi sana, na nchi ambayo reli ilitakiwa ipite ikabaki ukiwa.

Mwaka huohuo 1905 Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Morogoro ilifika 1907, Kigoma 1914. Ziwa Tanganyika likapata treni. Ziwa Nyasa likakosa. Agosti 1914 vita kuu ilipoanza, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu pale Liuli, ikaishambulia na kuizima kabla wenyewe hawajajua kama vita imetangazwa. Na habari ya reli ya kusini ikafunikwa hapo.

KARANGA ZIKALETA RELI

Tuvuke vita vya pili. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini ina njaa ya mafuta ya kula. Mafuta, majarini na sabuni vilikuwa vya mgao. Bwana mmoja anaitwa Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company (kampuni tanzu ya Unilever), akapeleka wazo serikalini kwao: tukalime karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wakarudi na jibu kwamba inawezekana.

Hapo ndipo ulipozaliwa Mpango wa Karanga. Hesabu zake zilikuwa za kutisha: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Zidisha mwenyewe, unapata ekari milioni 3.21. Mengi yangekuwa Tanganyika na machache Kenya na Zambia ya leo. Gharama ilikadiriwa pauni milioni 24 hivi. Waziri wa chakula wa Uingereza, John Strachey, akasimama nao kifua mbele.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo reli yetu inapoingia. Zaidi ya nusu ya mashamba yote yalipangwa yawe Jimbo la Kusini, eneo la Nachingwea. Kwa nini? Kwa sababu huko mvua ni nzuri kuliko Kongwa. Lakini Nachingwea haikuwa na reli, haikuwa na bandari ya kina kirefu, haikuwa na kitu. Kongwa kwa upande mwingine ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Ukichepuka tu kutoka Msagali unafika. Basi wakubwa wakaanza na Kongwa. Walichagua mahali penye usafiri kabla ya mahali penye mvua. Hilo peke yake liliwatafuna.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, jua likiwaka unakuwa kama saruji. Karanga zinakaa chini ya udongo, sasa utazing'oaje? Mibuyu ilishinda matingatinga. Mashine nyingi zilikuwa chakavu za jeshi la Marekani zilizookotwa Ufilipino baada ya vita. Wakafikia kuchukua vifaru vya kivita vya Sherman na kuvigeuza matrekta! Mpaka mwisho wa 1947 walitakiwa wawe wamesafisha ekari 150,000. Walisafisha chini ya 10,000.

Huku Kusini nako kazi ya reli na bandari ikaendelea, maana bila hivyo Nachingwea haiwezekani. Ilianzia Mkwaya, mahali padogo ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, ambapo mzigo ulishushwa kwa matishari. Mwaka 1949 treni ikafika Nachingwea kutoka Mkwaya kupitia Ruo. Hii ilikuwa reli ya mita moja, sawa na Reli ya Kati. Wakati huohuo wakawa wanajenga bandari kubwa Mtwara. Mji wa Mtwara tunaouona leo ni mtoto wa karanga. Kabla ya hapo mji wa maana pale ulikuwa Mikindani. Barabara pana za Mtwara na nafasi kubwa kati ya mitaa siyo bahati mbaya. Walikuwa wanajenga mji wa watu wengi sana ambao hawakuja.

MZIGO ULIKUFA KABLA BANDARI HAIJAISHA

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango wa karanga basi. Zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Karanga zenyewe? Inasemwa mara nyingi kwamba mbegu zilizonunuliwa zilikuwa nyingi kuliko mavuno yaliyopatikana. Mashamba yaliyobaki yakaja kukabidhiwa shirika la kilimo la Tanganyika katikati ya miaka ya 1950, yakalimwa kwa kiwango kidogo.

Lakini bandari na reli huwezi kuziacha njiani kama kiatu. Kazi ikaendelea. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa 1954, na reli ikaunganishwa kutoka Mtwara kwenda Ruo. Sasa treni ikawa inatoka Mtwara mpaka Nachingwea, zaidi ya kilomita 200. Kazi kubwa ya Mkwaya ikahamia Mtwara, na kituo kile kikawa cha kwanza kuonja upweke. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likaongezwa tawi la kwenda Masasi, likichepukia Chilungula.

Fikirini hali yenyewe ilivyokuwa. Una reli mpya. Una bandari mpya yenye kina kirefu. Mzigo uliozifanya zijengwe umekufa miaka mitatu nyuma. Kilichobaki ni korosho za wananchi, mkonge kidogo, magogo, ufuta, mihogo, na abiria.

Haikupita miaka miwili tangu uhuru wa Desemba 9, 1961, treni zikasimamishwa na reli ikang'olewa. Mataruma, vyuma, vyote. Treni ya kwanza ilifika Nachingwea 1949, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa siku hiyo alikuwa bado yuko shule ya msingi wakati reli inang'olewa.

KWA NINI RELI INAKUFA? (SOMO LA HESABU)

Hapa watu wengi wanakosea. Wanasema "wakoloni walituonea" au "serikali mpya haikujua kazi". Mambo siyo mepesi hivyo. Tuichukulie kama biashara ya Fuso.

Mwenye Fuso pale Kyela akikosa mzigo leo, analipaki. Dizeli hainunuliwi, matairi hayaishi, utingo anaambiwa apumzike. Barabara siyo yake, ya serikali. Hasara yake ni ndogo. Lakini reli ikikosa mzigo, gharama inabaki palepale. Njia ni ya kwako mwenyewe. Lazima uwe na gangi ya kukata majani, kubadilisha mataruma, kuziba mmomonyoko wa tuta masika yakija. Lazima uwe na mkuu wa stesheni, mtu wa ishara, karakana, maji ya injini ya mvuke. Wote hao wanalipwa mshahara hata kama treni inapita mara mbili kwa wiki.

Tuseme (ni mfano tu) kuitunza njia kwa siku ni shilingi 100. Ukiwa na mabehewa kumi ya mzigo, kila behewa linabeba shilingi 10. Nafuu. Ukiwa na behewa moja, linabeba 100 zote. Ukipandisha nauli ili ufidie, mwenye korosho anahamia lori. Akihamia, mzigo unapungua tena, unapandisha tena, anaondoka mwingine. Ni mduara. Ukishaingia humo kutoka ni kazi.

Reli ya Kusini ilikuwa na matatizo mengine matatu juu ya hilo.

Kwanza, ilikuwa kisiwa. Haikuungana na Reli ya Kati wala ya Tanga. Injini ikiharibika huwezi kuazima ya Morogoro ikaja yenyewe. Mpaka ipakiwe melini. Angalieni tofauti: mwaka 1963 huohuo Reli ya Kati na ya Tanga ziliunganishwa kwa kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi. Kaskazini ikaunganishwa, kusini ikakatwa.

Pili, mzigo wa korosho ni wa msimu. Miezi michache kuna kazi, miezi mingine behewa linalala. Na mzigo ni wa upande mmoja. Unakwenda bandarini umejaa, unarudi mtupu.

Tatu, haikwenda mbali. Iliishia Nachingwea na Masasi. Reli inapata faida kwenye safari ndefu, siyo fupi. Safari fupi lori linashinda, maana lori linachukua gunia mlangoni kwa mkulima na kulishusha mlangoni kwa mnunuzi. Kama reli hii ingesogea mpaka Songea, halafu mpaka ziwani, hesabu ingekuwa nyingine. Hapo ingepata mzigo wa Ruvuma, mzigo wa Malawi, na wa kwetu Kyela kwa meli. Ilikatwa ikiwa bado mtoto, haijafika hata nusu ya njia.

Na kumbukeni nani alikuwa anapiga hesabu. Reli zote zilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, makao makuu Nairobi. Ukikaa Nairobi ukaangalia kitabu, Nachingwea ni mstari mmoja wenye wino mwekundu.

MPANDA WALINUSURIKA

Sasa mtasema basi ilikuwa lazima ife. Subirini kwanza. Kuna reli nyingine ya umri uleule, ya aina ileile, yenye bahati mbaya ileile, na bado ipo.

Ni tawi la Kaliua mpaka Mpanda, kilomita 210 hivi, lililofunguliwa karibu na mwaka 1950. Lilijengwa kwa ajili ya mzigo mmoja pia: madini ya risasi ya mgodi wa Mpanda. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mzigo ukaisha. Kwa hesabu za kitabu, nayo ilitakiwa ing'olewe. Haikung'olewa. Treni ikaendelea kwenda Mpanda, pole pole, kwa tabu, miaka mingine kwa kusuasua. Na kwa miongo mingi watu wa Mpanda masika yakikata barabara treni ndiyo iliyokuwa baba na mama. Mahindi, mpunga, asali, abiria, vyote vilipita hapo.

Tofauti ni nini? Ya Mpanda iliungana na Reli ya Kati. Mzigo wake ulilisha njia kubwa. Hata kama tawi lenyewe lilipata hasara, kila behewa lililotoka Mpanda lililipa nauli mpaka Dar. Ya Kusini haikuwa na mama wa kumnyonyesha. Hilo ndilo somo kubwa la habari hii yote: tawi la reli halipimwi peke yake. Unapima na kile linachokiingiza kwenye shina.

WATU WA KUSINI WALILIPA NINI?

Hapa ndipo inapouma. Reli iling'olewa miaka michache kabla korosho haijalipuka. Wakulima wa Mtwara na Lindi walipanda mikorosho kwa wingi, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka huko. Tani 145,000! Huo ndio mzigo ambao reli ile ilikuwa inausubiri. Ulipokuja, tuta lilikuwa limeota majani.

Halafu kuna mto Rufiji. Reli ilipong'olewa hapakuwa na daraja la kuvuka kwenda Dar. Kulikuwa na kivuko pale Ndundu. Mto ukifurika, kusini inakuwa nchi ya peke yake. Abiria walilala porini siku kadhaa. Hali hiyo ilidumu mpaka Agosti 2003 lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, na hata hapo kipande cha Ndundu mpaka Somanga kikaendelea kuwatesa watu miaka mingine. Kwa hiyo tangu treni iondoke mpaka daraja lije ni miaka 40. Kizazi kizima. Mtu akiuliza kwa nini kusini ilibaki nyuma, sababu ni nyingi, lakini hii iandikwe ya kwanza kwanza.

Nachingwea yenyewe haikufa. Majengo ya karanga yakapata kazi ambayo Waingereza hawakuifikiria: katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO ya Msumbiji ikapata kambi yake kuu ya mafunzo hapo. Samora Machel alikaa pale. Kongwa nayo ikawa kambi ya wapigania uhuru wa ANC kuanzia 1964. Yaani mahali ambapo Uingereza ilishindwa kulima karanga ndipo ukoloni wa kusini mwa Afrika ulipochimbiwa kaburi. Historia nayo ina utani wake.

HUKU KWETU JE?

Miaka ya 1970 Wachina wakatujengea TAZARA. Ujenzi ulianza 1970, ikakabidhiwa rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Ikapita Makambako, Mbeya, Tunduma. Ziwa Nyasa ikaliacha kando. Msije mkashangaa: lengo la TAZARA lilikuwa shaba ya Zambia, siyo mpunga wa Kyela. Kushusha treni kutoka Mbeya mpaka usawa wa ziwa nako siyo mchezo, maana Uyole iko juu sana na huku chini ni karibu mita 500 tu juu ya bahari. Treni haipendi mteremko mkali. Itabidi izunguke milima, na kila kilomita ya kuzunguka ni hela.

Kuna ishu nyingine ambayo wengi hawaijui, upana wa njia. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. TAZARA ni milimita 1,067. Reli mpya ya SGR ni milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kutembea kwenye nyingine. Ndiyo maana pale Kidatu, ambapo TAZARA na reli ya zamani zinakutana, mzigo lazima upakuliwe na kupakiwa upya. Kwa hiyo hata siku moja mkisikia reli inakuja ziwani, swali la kwanza msiulize "lini?" Ulizeni "ya upana gani, na itaungana na nani?" Ikiwa kisiwa, mmeshaona kilichowapata Nachingwea.

Mpango wa sasa wa reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay ni wa kilomita 1,000 hivi ukijumlisha matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma, kule Ludewa. Umezungumzwa miaka mingi. Reli yenyewe bado haijajengwa. Lakini mengine yanasogea. Barabara ya lami inafika Mbamba Bay. Mkataba wa kujenga bandari ya kisasa Mbamba Bay ulisainiwa mwishoni mwa 2023. Bandari ya Mtwara imeongezewa gati.

Na mzigo upo, tena unaonekana kwa macho. Tangu mwishoni mwa 2021 makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamekuwa yakipelekwa bandari ya Mtwara kwa malori ili yauzwe nje. Malori mengi, mazito, usiku na mchana, yakipita Songea, Tunduru na Masasi. Barabara inalia. Makaa ndiyo aina ya mzigo ambao treni inaupenda kuliko kitu chochote: mzito, wa bei ndogo kwa tani, unatoka mwaka mzima, unakwenda mbali. Na sehemu ya mwisho ya safari hiyo, kuanzia Masasi kushuka Mtwara, ni nchi ileile ambayo treni ilikuwa inapita mwaka 1960. Tulikuwa na chuma chini, tukakiondoa, sasa tunabeba juu ya lami.

KYELA TUJIFUNZE NINI?

Naona mambo manne.

1. Reli ya mzigo mmoja ni hatari. Karanga zilikufa, reli ikafa. Makaa nayo bei yake hupanda na kushuka. Kama reli ya kusini itajengwa kwa makaa na chuma peke yake, siku bei ikianguka tutarudi palepale. Lazima ipangiwe na korosho, mahindi ya Songea, samaki, mpunga na kakao ya Kyela, na mzigo wa Malawi, ambao leo unapita Kasumulu kwa malori.

2. Ziwa ni reli ya bure. Huna haja ya mataruma juu ya maji. Meli ikitoka Itungi au Kiwira inaweza kukutana na treni Mbamba Bay bila kupanda mlima wowote. Tunazo MV Ruvuma na MV Njombe za mizigo na MV Mbeya II ya abiria. Tatizo letu ni bandari yenyewe: Itungi inajaa mchanga unaoletwa na mito, mpaka ikabidi kazi ihamie Kiwira. Kwa hiyo mtu wa Kyela asisubiri reli ndipo aanze kudai. Adai mchanga uchimbwe sasa. Reli ikifika Mbamba Bay halafu meli ya Kyela imekwama kwenye tope, faida yote itakwenda Nkhata Bay.

3. Using'oe. Hili ndilo la msingi. Reli iliyosimama unaweza kuiamsha. Ile iliyong'olewa unaanza na upimaji, fidia, mabilioni. Mpanda ilisimama kwa shida lakini ilisimama. Hata kama huna hela ya kuendesha treni, linda tuta, linda eneo la njia, watu wasijenge. Ardhi ya njia ikishagawanywa viwanja imeondoka.

4. Uliza hesabu imepigwa wapi. Wazee wetu wa Kyela na Rungwe walitembea kwenda Lupa kuchimba dhahabu, wengine Kopabeti, wengine mpaka Afrika Kusini, kwa sababu kazi na njia za kusafirishia mazao havikuja kwao. Kila wakati mtu wa mbali akipiga hesabu ya kusini anaona hasara, maana anapima kilichopo leo, hapimi kitakachoota njia ikifika. Korosho tani 145,000 hazikuwepo kwenye kitabu cha 1962. Zilikuwa bado miche.

Kuna watakaobisha. Watasema serikali changa ya mwaka 1962 ingepata wapi hela ya kulipia hasara ya treni tupu wakati shule na hospitali hazipo? Ni hoja nzito na siwezi kuipuuza. Hela ile ingeweza kujenga madarasa mengi. Lakini kati ya kuendesha treni kila siku na kung'oa chuma kuna njia ya katikati: kupunguza safari, kufunga vituo vidogo, kuacha njia ikisubiri msimu wa korosho. Mpanda walipita njia hiyo. Kusini hawakupewa.

Basi wadau, ndiyo habari ya reli iliyokuwa na safari ya kuja kwetu ikaishia Nachingwea. Kama una babu, bibi, mjomba au jirani aliyepanda treni ile ya Mtwara, au aliyefanya kazi kwenye karanga, kaa naye umuulize kabla hajaondoka. Vituo vilikuwa vinaitwaje, nauli ilikuwa shilingi ngapi, siku ya mwisho ilikuwaje. Halafu tuandikie hapo chini. Na nyie mnaosema reli ya ziwani haitajengwa ng'o, leteni hoja siyo matusi. Uwanja ni wenu.